Tupa, Mbuzi na Hadithi ya Kumi na Saba

Vijana wawili walinijia Jumamosi moja baada ya swala ya alasiri, wakanikuta uani nimekaa kwenye kigoda, napaka chaki meno ya tupa. Ni wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, na wiki ileile tulikuwa tumefika hadithi ya kumi na saba katika Arbaini ya Imamu Nawawi. Wakatoa shikamoo, nikaitikia marahaba, wakasimama kimya kidogo. Kisha yule mrefu akalitua swali alilolibeba njia nzima: "Ustadhi, tumechanga laki moja na nusu. Tunataka kujifunza kutengeneza visu. Tununue grainda, au lile jiwe la umeme la mezani?"

Sikuwajibu siku ile. Niliwapa chai, nikawaambia warudi Jumamosi ijayo, maana jibu la papo kwa papo lingekuwa jibu la muuza duka: hii bei yake hii, ile bei yake ile. Nami swali hilo nimekaa nalo miaka sita, na limewahi kuniliza, tena siku ya Idi. Anayeuliza anunue chombo gani cha kutolea makali anauliza jambo kubwa kuliko chombo, hata kama mwenyewe hajalitambua. Anauliza huruma inakaa wapi.

Mjomba wangu alianza kuchinja kabla mimi sijazaliwa. Hapa Ngamiani, asubuhi ya Idi el-Haji, watu humngojea uani kwao kama wanavyomngojea imamu msikitini. Kisu chake nilikijua tangu utotoni kikiwa kipana kama vidole vitatu. Kinoo kimekila mwaka baada ya mwaka hata kimebaki na upana wa kidole kimoja, chembamba, cheusi, mpini wake umefungwa waya. Nilikionea haya kwa niaba yake. Mwaka ule nilikuwa nimelipwa malimbikizo ya mshahara, nikasema nitamfanyia kisu kipya kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikanunua grainda, ya bei rahisi kuliko zote zilizokuwa dukani, shilingi elfu sabini. Chuma nilikipata bure, kipande cha springi ya lori. Nilikwenda mpaka Muheza kwa mzee mmoja mhunzi anielekeze, nikafuata kila alichosema. Nilikata umbo, nikakipasha moto wa mkaa mpaka sumaku ikakataa kukishika, nikakichovya kwenye mafuta ya vuguvugu, nikakituliza kwenye oveni ya mke wangu. Mpaka hapo sikukosea. Kosa nililifanya mwishoni, chuma kikiwa tayari kigumu, nilipokirudisha kwenye grainda kukipa makali.

Grainda ya kawaida huzungusha diski ya milimita 115 mara 11,000 hivi kwa dakika. Ukipiga hesabu, ukingo wa diski unakwenda zaidi ya mita 60 kwa sekunde moja. Cheche zilimwagika, watoto wa jirani wakaja kutazama wakishangilia, nami nikaona fahari. Karibu na ncha, pale makali yalipokuwa membamba kama karatasi, ikazuka rangi ya buluu inayometameta kama shingo ya ndege chozi. Nikadhani ni pambo. Nikaipitishia msasa ikafutika, nikasahau kwamba ilikuwapo.

Baadaye ndipo nilipojifunza kuisoma. Pua iliyokwisha kugumishwa ikipata joto la nyuzi 220 hivi hugeuka rangi ya majani makavu, nayo ingali njema kwa kisu. Joto likizidi huja kahawia, kisha zambarau, na likikaribia nyuzi 300 huja buluu. Buluu ni ya springi, si ya makali. Na makali, kwa wembamba wake, hayana pa kulikimbizia joto: mgongo wa kisu unaweza kushikika mkononi huku ukingo umekwisha kuungua. Ukiifuta rangi hujaondoa kitu. Ulaini umebaki ndani palepale.

Mjomba alikipokea kwa mikono miwili. Akakijaribu juu ya ukucha wa dole gumba, akanitazama kwa muda, akasema, "Kimependeza." Mbuzi akalazwa, akaelekezwa kibla. Mjomba akapiga bismillahi na takbiri, akavuta. Mvuto wa kwanza ulikata. Wa pili ukateleza. Makali karibu na ncha yalikuwa yamejikunja kama mfuniko wa kopo la maziwa. Mbuzi alitoa sauti ambayo sitaieleza hapa. Mjomba akanyosha mkono wa kulia nyuma bila kugeuza shingo, mwanawe akamtia mkononi kile kisu chembamba cheusi, na jambo likaisha.

Zilikuwa sekunde nne, labda tano. Nyama ililiwa, na ilikuwa halali. Mjomba hakuniambia neno. Aliviosha visu vyote viwili, changu akakifunga kwenye gazeti akanirudishia, kama mtu anavyorudisha sahani ya jirani.

Usiku ule sikulala. Nilijitetea mbele ya nafsi yangu: niya yangu ilikuwa safi. Kila nilipokisogeza chuma kwenye diski nilitaja jina la Mungu. Sikutaka sifa wala fedha, nilitaka kumheshimu mjomba na kumrahisishia mnyama. Na hadithi ya kwanza katika Arbaini, ile ninayoanza nayo mwaka wa masomo kila Januari, ni kwamba matendo hupimwa kwa niya zake. Basi nilikuwa na nini cha kuogopa?

Lakini niya yangu ilimfaa nini mbuzi?

Kati ya hadithi ya kwanza na ya kumi na saba zimo nyingine kumi na tano. Nilikuwa nimezifundisha miaka kumi na mmoja bila kuona kwamba hizi mbili zinasemezana. Ya kumi na saba, aliyoisimulia Shaddad bin Aws na kuipokea Imamu Muslim, kiini chake ni kwamba wema, yaani ihsani, umefaradhishwa katika kila jambo, mpaka katika kuua. Ndipo mchinjaji anapoagizwa mambo mawili, anoe kisu chake na ampe mnyama wake faraja. Haimwambii mchinjaji amwonee mnyama huruma tu. Inamshika mkono inampeleka kwenye kinoo. Hadithi ya kwanza inanieleza Mungu anatazama nini kwangu. Ya kumi na saba inanieleza mbuzi anapata nini kutoka kwangu. Na mbuzi hapati niya. Moyo wangu hauna njia ya kumfikia kiumbe mwingine ila upite kwenye kitu: mkono, neno, chuma. Mkunga mwenye upendo na wembe butu, mama aliyeko kitandani ataujua wembe kwanza.

Tangu usiku ule ninaamini kwamba huruma isiyofika kwenye makali haijafika. Imeishia njiani, kwa mwenyewe, ikimpa mwenyewe raha ya kujiona mwema.

Mwalimu mwenzangu wa historia aliponisikia nikisema hivyo aliniletea pingamizi zuri sana, nalo lilinishinda kwa miezi. Alinikumbusha kisa kilichomo katika Sahihi Bukhari, cha kijakazi wa Kaab bin Malik aliyekuwa akichunga kondoo mlima Sal, karibu na Madina. Akamwona kondoo mmoja anakufa, akavunja jiwe, akamchinja kwa jiwe lile. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa, aliruhusu aliwe. "Sasa," akasema mwenzangu, "ikiwa jiwe linatosha, wewe unawatia nini watoto wa watu katika nyuzi 220 na nyuzi 300?"

Nilikiri kwamba sheria inatosheka na jiwe. Nilifikiri sana kuhusu yule binti, hasa kitenzi kilichotumika juu yake. Hakuokota jiwe. Alivunja jiwe. Jiwe lililolala juani limekwisha kumomonyoka ncha zake. Lililovunjika sasa hivi lina ukingo unaokata. Mtu asiyemiliki kitu, hata nafsi yake, katika dakika chache alizobakiwa nazo, alikwenda kuyatafuta makali mahali pekee yalipopatikana. Ihsani yake ilikuwa katika kule kuvunja. Na hapo nikaona nilikokuwa nimepotea: nilikuwa nimeanza kudhani kosa langu lilikuwa urahisi wa bei ya mashine. Chombo cha binti yule hakikugharimu hata senti. Alichotafuta kilikuwa makali, na aliyapata. Mimi nilichotafuta kwenye ile grainda kilikuwa mwisho wa kazi.

Kwa hiyo vijana waliporudi nilianza na tupa.

Niliwawekea mkononi ya kwangu, ya inchi kumi, niliyoinunua shilingi elfu nane. Nikawaonyesha inavyokata ikisukumwa tu. Ikirudi huna budi kuinyanyua, vinginevyo unaua meno yake bure. Chaki hupakwa ili unga wa chuma usigande kati ya meno ukaja kuchora mistari kwenye ubapa wa kisu. Springi haikubali tupa mpaka ilainishwe kwanza: unaiweka kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, unaizika kwenye majivu, unalala, asubuhi unaifukua. Nabii Daudi alilainishiwa chuma mkononi mwake. Sisi tumepewa mkaa na usiku mmoja wa majivu, na ninaona tumepewa kingi. Kisha nikawaonyesha kifaa changu cha mbao: bolti yenye tundu kichwani imesimamishwa mwisho wa ubao, na ndani ya tundu unapita ufito wa chuma uliofungwa kwenye tupa. Bolti ikipanda au ikishuka, mwinamo wa makali unabadilika. Ikikazwa, tupa haiwezi kwenda kombo hata mkono ukichoka. Mkono wa mwanafunzi huchoka. Kifaa hiki kinamstahi.

Kati ya kusukuma na kurudisha kuna nafasi ndogo. Humo ndimo ninamotazama. Mkono mzima husukuma mara arubaini, hamsini kwa dakika, na kila msukumo hutoa chuma cha unene wa unywele au pungufu. Nikikosea, nimekosea kwa unywele, na kabla sijakosea tena nimepata muda wa kuona. Grainda ikikosea, imekula milimita mbili kabla sijapepesa macho.

Na katika kazi hii hakuna kurudisha. Mfinyanzi huongeza udongo, fundi cherehani hutia kiraka, mpishi aliyezidisha chumvi huongeza tui. Mtoa makali hupunguza tu. Kilichokwenda na cheche hakirudi, na kila kisu kizuri ni kile ambacho mtu alijua kuacha. Kwa kazi ya namna hiyo, anachohitaji anayejifunza ni umbali kati ya kosa na kukua kwake. Tupa yangu iliniuzia umbali huo kwa elfu nane.

Katika majina matukufu kuna Al-Halim. Nililisoma utotoni nikaelewa kuwa ni Mpole, na nikadhani upole ni kutokuwa na nguvu ya kuadhibu. Kumbe halimu ni mwenye uwezo wote wa kukupatiliza sasa hivi, naye hakupatilizi, anakuachia muda. Jina hilo nililielewa nikiwa nimeinama juu ya jiliwa. Mtu akiniuliza kwa nini ninamwanzisha mwanafunzi kwa chombo cha polepole, siwezi kumjibu kwa hesabu za dukani. Mola wetu angeweza kutuendesha kwa kasi ya mizunguko 11,000, kila kosa na alama yake papo hapo isiyofutika. Hakutufanyia hivyo. Basi kwa nini mimi nimfanyie hivyo mtoto wa mwenzangu?

Mke wangu, aliyekuwa jikoni akisikia yote, alinisimamisha hapo. Alisema kwa sauti wote wasikie: "Baba, na yule fundi wa mageti hapo kona, mwenye watoto watano, naye atupe grainda yake ashike tupa?" La. Namshukuru kwa kuuliza, maana mazungumzo ya namna hii yana tabia ya kuupamba umaskini, na umaskini hauna uzuri wowote. Yule fundi akishika tupa watoto watalala njaa. Mikono yake inajua; mashine kwake ni mkono mwingine. Mimi mwenyewe ninayo grainda mpaka leo. Ninaitumia kukatia umbo kabla ya kugumisha, wakati ambapo joto halidhuru chuma kitu. Kikishagumishwa, kwangu ni tupa imekwisha kazi yake, ni kinoo na maji. Na anayelazimika kupitisha chuma kigumu kwenye mashine, aweke ndoo ya maji mguuni, ashike karibu na makali kwa vidole vitupu. Kidole kikilalamika tu, chuma kiende majini. Rangi isingojewe. Rangi ikija, habari imekwisha kupitwa.

Jiwe la mezani, waliloliulizia, huzunguka kama mara 2,900 kwa dakika kwa umeme wetu wa mizunguko 50. Ni pole kuliko grainda, lakini yale ya bei ya chini hutetemeka kama mgonjwa wa homa, na gurudumu lenyewe ni duara, kwa hiyo anayeanza huishia kuchimba mashimo mashimo ubavuni mwa kisu. Mashine ya mkanda wa msasa ndiyo bora kuliko zote. Kwa laki moja na nusu hawataipata, nami sikuwadanganya.

Jambo moja nililisema kwa ukali, na wakashtuka, kwa sababu darasani sina ukali. Pale kwa mafundi wa mageti nimewaona vijana wameng'oa kikinga cha diski ili waone vizuri, kisha wanafumba jicho moja badala ya kuvaa miwani. Diski ya jiwe ina tarehe imechapwa kwenye kipete cha chuma kilicho katikati. Gundi inayoishikilia huzeeka, na diski iliyozeeka hupasuka vipande kwa mwendo niliokwisha kuutaja. Nani anaisoma tarehe hiyo? Anayenunua diski ya bei ya chini iliyolala dukani miaka mingi anaweka jicho lake rehani. Jicho ni amana. Pumzi nazo ni amana: unga wa diski na chuma, mtu asiyefunga kitambaa kizito puani ataukohoa uzeeni. Siwezi kumhurumia mbuzi wa watu huku nikimtesa huyu mnyama niliyekabidhiwa mimi, huu mwili.

Kwa hiyo fedha zao tulizigawa hivi: tupa mbili, moja ya meno makubwa na moja ya meno madogo, jiliwa ya mtumba, kinoo cha pande mbili, karatasi za msasa kuanzia namba 120 mpaka 600, miwani miwili. Zikabaki za mkaa na mafuta ya alizeti. Niliona nyuso zao zikishuka. Walikuja wakiota cheche.

Yule mfupi, ambaye huwa hasemi, akauliza, "Ustadhi, kisu kimoja kwa tupa ni siku ngapi?"

"Cha kwanza, wiki tatu."

"Wiki tatu," akasema taratibu, "kwa mbuzi wa dakika moja?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na kijana wa miaka kumi na saba alilifikia mapema kuliko nilivyolifikia mimi. Nikampa ninachokiamini. Sisi maumivu yakitushika tuna pa kuyaweka. Mtu anayeng'olewa jino anajua baada ya hapa kuna nyumbani, kuna kesho, na kwa Mola wake kuna malipo. Anayapanga maumivu yake katikati ya mambo mengine na hivyo anayapunguza. Mbuzi, kwa kadiri ninavyoweza kumjua, hana kesho ya kuyafichia. Sekunde nne zile hazikuwa sehemu ndogo ya kitu kikubwa. Zilikuwa zote alizokuwa nazo. Kwenye mizani hiyo wiki tatu za jioni zangu, baada ya kusahihisha madaftari, nikiwa na chai pembeni na redio inasema, hazina uzito wa kujivunia.

Hakujibu. Aliichukua tupa akaanza kusukuma, akasahau kuinyanyua ikirudi, akakumbuka.

Walimaliza visu viwili. Kimoja kilipasuka kwenye mafuta kwa mlio mdogo kama wa kijiti kikavu, na yule mrefu alikaa nacho mapajani jioni nzima. Cha pili kilitoka salama. Si kizuri sana kwa macho. Mgongo wake umekwenda upande kidogo, na mistari ya tupa inaonekana ukikigeuza juani.

Mfungo Tatu, mwezi wa Idi el-Haji, ukaandama. Mjomba sasa magoti yamemchoka, anaketi kwenye kiti chini ya mfenesi na mwanawe ndiye anayechinja. Asubuhi ya Idi vijana walikuja na kisu kimefungwa kwenye kipande cha khanga. Mjomba akakijaribu juu ya ukucha kama alivyokijaribu changu. Safari hii hakusema kimependeza. Alikigeuza, akakijaribu tena, akaupitisha ukucha taratibu mpaka kwenye ncha, akasimama hapo hapo kwenye ncha, kisha akakirudisha: "Bado kidogo. Kinoo."

Yule mfupi akachuchumaa pale pale uani, akamwagia kinoo maji. Mbuzi walikuwa wamefungwa hatua tatu kutoka alipo. Mjomba akakohoa. Kijana akainua macho, akamtazama mzee, akawatazama mbuzi, akakumbuka tulichosoma juu ya mtu aliyekemewa kwa kunoa kisu chake mbele ya mnyama. Akakusanya kinoo, kisu na kopo lake la maji, akazunguka nyuma ya jiko.

Tukakisikia kinoo kwa mbali, kinavuta na kuacha, kinavuta na kuacha. Mbuzi wa kwanza aliokota jani la mfenesi, akaendelea kutafuna.